Kishikwambi na Mafunzo ya Kusoma Kiswahili: Majaribio ya Mkoa wa Tanga, 2017–2019

Neno TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, limekwisha kuzoewa katika shule za Afrika ya Mashariki, na pamoja nalo yamekuja maneno kama kompyuta, tarakilishi na kishikwambi. Lakini kuzoewa kwa jina si dalili ya kuzoewa kwa kazi yake. Katika nchi nyingi zinazoendelea imedhaniwa kwamba shule ikipata mashine, mafunzo yatafuata yenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo, na kwamba miongoni mwa mambo ya kuangaliwa kwanza ni lugha ambayo kwayo mashine husema na mtoto.

Mfano ujulikanao sana ni wa Peru. Serikali ya nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo za kubebeka zaidi ya 800,000, kwa kufuata mpango ulioitwa One Laptop per Child. Katika mwaka 2012 ulitolewa uchunguzi wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliofanywa katika shule 319 za mashamba. Baada ya miezi 15 hivi, wanafunzi waliopewa kompyuta hawakuonekana kuwazidi wenzao katika hesabu wala katika lugha. Walipata wepesi zaidi katika baadhi ya mazoezi ya akili, lakini masomo yenyewe yalibaki pale pale. Mashine zilifika, wala hazikufungamana vya kutosha na yale yaliyofundishwa darasani.

Majaribio ya Tanga yalishika njia nyingine. Mwaka 2017 vishikwambi vilipelekwa katika vijiji 170 vya mkoa huo, vikapewa watoto wapatao 3,000 wa umri wa miaka 7 hadi 11. Haya yalikuwa mashindano yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, nayo yaliungwa mkono na UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Makundi matano yalitunga programu za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila ya mwalimu, na masomo yalikuwa kwa Kiswahili. Vijijini viliwekwa vituo vya kutia umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kuingia shuleni, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya makundi mawili, Kitkit School na onebillion.

Hapana budi kuutafuta msaada ambao Kiswahili chenyewe huutoa katika kazi kama hii. Maandishi yake ya Kilatini hufuata matamshi kwa karibu sana. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Silabi nyingi huishia kwa irabu. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto akijua ba, be, bi, bo, bu, aweza kuunganisha silabi akapata neno analolijua kwa sikio. Mashine ambayo kazi yake ni kurudia sauti bila kuchoka hufaa sana kwa mafunzo ya namna hii.

Hata hivyo, wepesi huo una mipaka, na hapo ndipo mtaalamu wa lugha atakiwapo. Herufi ng katika ngoma si sauti ile ya ng' katika ng'ombe. Neno mbuni likiwa jina la ndege lina silabi mbili. Likiwa jina la mti wa kahawa lina silabi tatu, kwa kuwa m yake ni silabi peke yake. Waswahili wa Mvita hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi inayofuata p, ingawa maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Mwalimu hodari humsahihisha mtoto papo hapo. Mashine hurudia ilivyotiwa, na kosa la msomaji mmoja aliyerekodiwa vibaya hukaririwa na watoto maelfu.

Tena yafaa kukumbuka kwamba Tanga ni nchi ya Wasambaa, Wabondei, Wazigua na Wadigo. Kwa watoto wengi Kiswahili si lugha ya kwanza ya nyumbani, ijapokuwa wamezoea kukisikia. Na mtoto akiisha kujifunza kwa Kiswahili katika shule ya msingi, katika sekondari za Tanzania atakutana na Kiingereza kuwa lugha ya masomo.

Haitakuwa haki kulinganisha Peru na Tanga kana kwamba ni jambo moja, maana huko walipimwa watoto wa shule na huku wengi walikuwa nje ya shule. Wala nusu iliyobaki bila kusoma neno si jambo dogo. Yatosha kuonyesha kwamba kishikwambi hakichukui nafasi ya mwalimu. Lakini funzo moja ni wazi: programu za Tanga zilianza na lugha ya msomaji, zikampandisha hatua kwa hatua.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Programu hizo zilitolewa wazi, hata mtu yeyote aweza kuzichukua na kuzirekebisha. Kwa hiyo vyuo vinavyochunguza Kiswahili vina kazi iliyo tayari mbele yao: kusikiliza sauti zilizorekodiwa, kusahihisha matamshi, kupima hadithi na msamiati, na kusanifisha istilahi kabla mashine hazijaeneza makosa. Kazi hiyo ikiachwa kwa mafundi wa mitambo peke yao, mtoto wa kijijini atasoma Kiswahili ambacho hakuna mzee wa kwao akisemacho.