Hibiskasi Yako Inageuka Njano? Shika Rada Kabla Ukimbilie Dawa

Kama unaishi Burumba, hii mmea unaijua hata kama jina hulijui. Ni ile yenye maua makubwa mekundu, kila ua na kaulimi karefu katikati kamejaa unga wa njano. Iko kwa fensi za ploti, iko kwa lango la shule, na kuna maboy wanauza miche yake kando ya barabara. Inaitwa hibiskasi. Asili yake ni Asia, na Malaysia waliifanya ua la taifa mwaka wa 1960.

Sasa ikianza kuumwa, wasee wengi hufanya vitu viwili. Wanaongeza maji, ama wanakimbia agrovet kuitisha dawa kali. Mara nyingi hizo mbili ndizo zinaiua. Na hii si stori ya urembo tu, juu kuna mdudu anapenda hibiskasi, na akitoka hapo anaenda kwa mpapai na muhogo wa jirani. Busia ukigusa muhogo umegusa ugali ya watu. So twende pole pole, shida moja baada ya nyingine.

Majani ya njano: anza na udongo

Ingiza kidole kwa udongo mpaka kiungo cha pili. Ukipata pako na unyevu, weka jagi chini, leo humwagilii. Ukipata pamekauka, mwaga maji mpaka yatokee chini, kisha uiache.

Maji ikizidi, mizizi inakosa hewa na kuoza. Majani yanakuwa njano na laini, na udongo unaanza kunuka. Hii hutokea sana msimu wa mvua, Machi hadi Mei, haswa kama umepanda kwa ndoo ya rangi na hukutoboa. Toboa mashimo matano ama sita chini, halafu iinue juu ya mawe mawili ndio maji yapate njia. Udongo wa shamba peke yake hushikana kama matofali, kwa hivyo changanya na mchanga kiasi na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itachoma mizizi.

Jani moja moja la chini likigeuka njano na kuanguka, usipanik. Huo ni uzee tu. Lakini majani machanga yakiwa njano na mishipa imebaki kijani, mmea umekosa madini ya chuma. Hapo wacha kumwaga jivu, juu jivu hufanya hiyo shida iwe mbaya zaidi.

Iko kijani fiti, lakini haitoi maua

Uliza kwanza inapata jua ngapi. Hibiskasi inataka kama masaa sita kwa siku. Ukiificha kwa korido ya ploti katikati ya nyumba mbili, itakupa majani tu.

Pili, mbolea. Wengi hubeba ile imebaki ocha baada ya kupanda mahindi. CAN imejaa naitrojeni, kazi yake ni majani. DAP nayo imejaa fosforasi, na hibiskasi haipendi fosforasi nyingi. Samadi iliyooza, konzi mbili kila mwezi, inatosha kwa mmea wa ndoo.

Tatu, kata. Maua hutokea kwa matawi mapya, so mmea ambao haujawahi kukatwa huwa mrefu na mkavu. Mvua ikianza, punguza kila tawi kwa theluthi moja na kisu kikali. Na ujue ua moja hukaa siku moja tu ama mbili. Likifunga jioni si ugonjwa, hiyo ndiyo maisha yake.

Vichipukizi vinaanguka kabla vifunguke

Hapa kosa huwa ni kuishi leo mafuriko, kesho jangwa. Unamwagilia Jumapili, unasahau mpaka Ijumaa, mmea unatupa mzigo. Kuhamisha ndoo kila siku pia huleta hiyo. Chagua mahali pamoja na umwagilie kwa mpango.

Vumbi la trela

Kama unakaa karibu na ile foleni ya trela, Busia ama Malaba, kagua upande wa chini wa majani wakati wa kiangazi. Ukiona vidoti vya njano na utando mwembamba sana, huo ni utitiri mwekundu. Unapenda ukavu na vumbi. Dawa yake ya kwanza ni maji: osha majani juu na chini asubuhi, mara mbili kwa wiki.

Majani yana masizi na sisimizi wanapanda

Masizi hayo ni ukungu unaomea juu ya utamu unaotolewa na vidukari na nzi weupe. Sisimizi wanakuja kula huo utamu, na wanawalinda hao wadudu kama ng'ombe wao. Weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwa lita moja ya maji. Jaribu kwa majani machache kwanza, ungoje siku moja. Yakiwa sawa, puliza kote jioni, haswa chini ya majani, na urudie baada ya wiki juu mayai hayakufa. Sabuni ya unga wacha, inachoma.

Pamba nyeupe: hapa ndio noma

Ukiona kitu kama pamba kwa viungo vya matawi, na majani ya juu yamejikunja, hao ni vidung'ata. Wako wa aina kadhaa, lakini mmoja ni kidung'ata cha papai, ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Alionekana Kenya mwaka wa 2016 kule Pwani. Anakula papai, muhogo na hibiskasi pia. Anabebwa na upepo, nguo, sisimizi, na zaidi miche yenye imeambukizwa.

Kata hayo matawi, funga kwa gunia, choma ama uzike. Usirushe kwa mtaro, na usirushe ng'ambo ya fensi ya jirani. Yaliyobaki puliza sabuni.

Na ukiona mche mrembo upande wa Uganda, usiupitishe panya route kwa boda. Sheria inataka kibali cha KEPHIS kabla uingize mmea, pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka kule unatoka. Si kukusumbua, ni ndio usibebe mdudu ambaye jirani atalipia.

Kama lazima ununue dawa, chagua yenye imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, soma lebo, funika pua na mikono, na usipulize karibu na jiko ama nguo za mtoto. Kwa ploti watu wanapika mlangoni. Ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda bila lebo, kataa.

Ukitaka doh

Tawi moja lenye afya linazaa miche kadhaa. Kata vipande vya sentimita 10 hadi 15, chini tu ya kiungo, toa majani ya chini, panda kwa mchanga uliochanganywa na udongo. Funika na chupa ya plastiki iliyokatwa nusu, weka kivulini, usiache ikauke. Baada ya wiki kadhaa mizizi inashika. Kata kwa mmea msafi pekee, juu ukiuza mche wenye pamba nyeupe umeuzia mteja shida, na mtaa mdogo kama wetu hausahau.