Mtoto Anapokwenda Kusomea Uuguzi

Leo twapenda kusema na ninyi mlioko Sigino, katika mji wa Babati, na kila mzee mwenye mtoto anayetamani kazi ya uuguzi. Shule za kazi hiyo zimo mkoani mwenu. Iko ya Dareda, na iko ya Haydom, huko Mbulu, penye hospitali iliyoanzishwa na Walutheri wa Norwe mwaka 1955. Masomo ya stashahada huchukua miaka mitatu, na anayetaka kuingia yampasa awe amefaulu kidato cha nne, Kemia, Biolojia na Fizikia zikiwamo.

Watu wengi hudhani kuwa taabu ya shule hiyo ni kuona damu na vidonda. Sivyo, damu huzoeleka upesi. Hesabu ndizo hutoa jasho. Tutazame mfano mmoja. Daktari ameandika mgonjwa atiwe maji ya mshipani lita 1 kwa muda wa saa 8, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Je, mwuguzi aachie matone mangapi kwa dakika? Lita 1 ni mililita 1000, basi matone yote ni 20,000. Saa 8 ni dakika 480. Ukigawanya utapata kama 42. Jambo hili ni jepesi kwa mtu aliyeketi darasani na kalamu yake. Lakini saa tisa za usiku, mgonjwa mwingine akiita, huwa zito. Akikosea na kuyaachia mara mbili, maji yaweza kujaa mapafuni, hasa kwa mtoto mchanga au mtu mwenye moyo dhaifu. Shauri letu ni kwamba mwanafunzi afanye hesabu kama hizo kila siku hata asipoagizwa, na wodini amwonyeshe mwalimu jibu lake kabla hajagusa mpira. Kuuliza si aibu.

Taabu ya pili ni lugha. Masomo ni kwa Kiingereza, na karatasi za dawa zina vifupisho vya Kilatini: BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu. Lakini mgonjwa husemeshwa kwa Kiswahili, na pengine bibi kizee hajui ila Kiiraqw au Kigorowa. Mtoto wa Sigino aliyezisikia lugha hizo tangu utotoni ana mali ambayo mwenziwe atokaye mbali hana, wala asiione haya.

Kisha huja siku mgonjwa wake wa kwanza afapo mikononi mwake. Wengi husema hapo ndipo walipotaka kurudi nyumbani. Asijifungie chumbani peke yake. Na aende kwa mwuguzi mkongwe, amweleze yote, na alie akipenda.

Nanyi wazazi, neno moja. Mtoto ajapo likizo amekesha zamu nyingi. Mwacheni alale siku mbili kabla ya kumpa jembe. Na ada mkiwa hamjaitimiza, mwandikieni mkuu wa shule mapema, mtaje siku mtakayolipa, kwani mwanafunzi asiyejua kama ataruhusiwa kufanya mtihani hasomi chochote kikakaa kichwani.