Utambi Ukikatwa Sawa, Taa Haifuki Moshi

Katika vitu vya nyumbani vinavyodharauliwa, utambi ni kimojawapo. Mtu hununua kandili akaitazama rangi yake, akagonga kioo kwa ukucha, akauliza bei mara tatu. Utambi hautazami. Husubiri mpaka siku nyumba ijae moshi na kioo kigeuke cheusi. Hapo hulaumiwa mafuta, kisha hulaumiwa mwenye duka, na mwisho hulaumiwa kandili yenyewe. Kumbe kosa limo katika kipande cha pamba kisichozidi upana wa kidole gumba.

Huenda msomaji aliyeko Malindi mjini akasema kwamba habari za tambi zimepitwa na wakati. Hatubishani naye sana. Tangu mwaka 2015, Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wa kuwaunganishia wananchi umeme hadi vijijini, nguzo zimesogea mbali na barabara kuu, na taa za nguvu za jua zimeingia nyumba nyingi. Lakini ukishika njia ya Kakoneni ukapita Ganda, ukaingia ndani kwenye mashamba ya minazi na mikanju, si kila dirisha lina taa ya umeme. Na hata wenye umeme hawakusahau usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu yote ilipoingia gizani kwa pamoja. Usiku kama huo, mwenye kandili iliyotunzwa ni tajiri wa mtaa.

KINACHOWAKA NI NINI?

Wengi hudhani kwamba utambi ndio unaowaka. Sivyo. Utambi ni mfereji tu. Nyuzi za pamba huyanyonya mafuta na kuyapandisha juu kidogo kidogo. Joto huyageuza kuwa mvuke, na mvuke huo ndio unaoshika moto. Mwanachuoni Michael Faraday aliwaeleza vijana haya mjini London, katika mihadhara yake juu ya mshumaa mwishoni mwa mwaka 1860, na maelezo yake hayajachakaa.

Basi utambi ukiwa mrefu kupita kiasi, mafuta hupanda mengi kuliko hewa inavyoweza kuyaunguza. Yanayobaki hugeuka masizi. Ukiwa umeungua upande mmoja, mwali huota pembe, pembe hulamba kioo mahali pamoja, na kioo hupasuka. Ukiwa na makaa juu, mafuta hayapandi sawasawa; mwali hufifia, mwenye taa akaupandisha utambi ili apate mwanga, na moshi ukazidi.

NAMNA YA KUUKATA

Kazi hii ni ya mchana, taa ikiwa imezimwa na kupoa. Ondoa kioo. Pandisha utambi kidogo mpaka sehemu iliyoungua ionekane juu ya mdomo wa shaba. Kama makaa ni machache, yafute kwa kitambaa kikavu. Kama ni mengi, chukua mkasi mkali uukate utambi moja kwa moja, ukiufuata ule mdomo kama rula. Kisha punguza pembe mbili za kando, kidogo tu, ili mwali usichongoke. Mkasi butu huacha nyuzi, na kila uzi uliosimama huota mwali wake na moshi wake.

Okota vipande vyote vilivyoanguka. Vikibaki ndani huziba vitundu vya hewa, na vyaweza kushika moto. Utambi mpya uanikwe juani kwanza, kwa sababu pamba ya pwani hunywa unyevu, na penye maji mafuta hayapiti. Kisha uache ulowe mafuta robo saa kabla ya kuuwasha. Ukiwasha, anza na mwali mdogo. Ngoja kioo kipate joto ndipo upandishe.

Mshumaa nao una haki yake. Zamani Wazungu walikaa na mkasi maalumu kando ya mshumaa, wakiukata utambi kila mara. Mwaka 1825 Mfaransa Cambacérès alitengeneza utambi wa kusuka, ambao hujipinda kadiri unavyowaka, ncha yake ikatoka nje ya mwali na kujiunguza yenyewe. Hata hivyo mshumaa uliozimwa ukatwe utambi, ubakie kama robo inchi, kabla ya kuwashwa tena.

KOROBOI NA KIFUA CHA MTOTO

Shida kubwa ni koroboi. Haina kioo wala mahali pa kupandishia utambi. Ni mkebe, mafuta na kitambaa kilichosokotwa. Watafiti walioipima taa ya namna hii walieleza mwaka 2012 kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta inayochoma hugeuka masizi meusi. Masizi hayo hayaishii kwenye dari. Yanaingia kifuani mwa mtoto aliyeinamia juzuu yake, pua ikiwa shubiri moja kutoka kwenye mwali. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie mafuta ya taa majumbani. Kwa hiyo mwenye uwezo wa taa ya jua na ainunue. Asiye nao, walau aufupishe utambi, aiweke koroboi mbali na uso wa mtoto, na dirisha aliache wazi.

Iko na hesabu ya mfuko. Mwaka 2018 Kenya iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli. Utambi mrefu hunywa mafuta hayo ghali na kuyatoa kama moshi. Ni sawa na kununua unga ukaumwaga njiani.

Kwetu sisi Waislamu wa pwani, taa si chombo tu. Katika Surat an-Nur, aya ya 35, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa nuru Yake kwa kidaka, taa, kioo na mafuta. Nyumba na misikiti ya kale ya pwani yetu, kama ile ya Gede ambayo James Kirkman alianza kuifukua mwaka 1948, ina vidaka ukutani, na baadhi yake vilikuwa vya kuwekea taa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuagiza tuzime taa tunapolala, kwa kuwa panya aweza kuuburura utambi akawateketeza wenye nyumba. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdullah. Mwenye nyumba ya makuti hahitaji kufafanuliwa zaidi. Anajua makuti makavu huchukua muda gani kuisha.

Basi mwenye kandili, au koroboi, au mshumaa wa akiba kabatini, asingoje giza. Kesho mchana, kabla ya kutia mafuta, atafute mkasi mkali. Kazi yenyewe haizidi dakika tano. Na usiku akimaliza kusoma au kula, aizime ndipo alale.