Masomo ya Serikali: Mambo Ambayo Mzazi Mkulima Anapaswa Kujua na Kuuliza



Katika mikutano yetu tunaongea mbegu, bei ya mahindi, na akiba. Lakini kabla ya watu kutawanyika, ulizo moja linarudi kila mara: «Walisema masomo ni bure. Sasa kwa nini mtoto wangu anarudishwa nyumbani?» Na lingine linafuata: «Mimi sikusoma. Nitamusaidia mtoto namna gani?» Katika namba hii tunajaribu kujibu maulizo hayo mawili. Koperative inahitaji mtu wa kusoma mizani, kuandika daftari la pesa na kuelewa mkataba wa muuzaji. Huyo mtu wa kesho ndiye aliye kalasini leo.

Masomo ya Serikali ni yapi?

Wazazi wengi wanafikiri kwamba masomo ya Serikali ni yale tu yasiyo na jina la kanisa. Si hivyo. Tangu mwaka 1977 kuna mapatano kati ya Serikali na makanisa. Masomo ya Wakatoliki, ya Waprotestanti kama CECA 20, ya Waanglikana na mengine yaliyo ndani ya mapatano hayo ni ya Serikali pia. Kanisa linasimamia, lakini programu, mitihani na mshahara wa walimu ni kazi ya Serikali. Kwa hiyo sheria ya masomo ya bure inayahusu yote. Masomo ya watu binafsi ndiyo peke yake yanayobaki nje.

Bure inafika wapi?

Katiba ya mwaka 2006, kwa kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi (primeri) ni ya lazima, na ni bure katika masomo ya Serikali. Miaka ilipita bila jambo hilo kufanyika. Mwezi wa tisa 2019 ndipo Serikali ilianza kulitekeleza inchi nzima. Kutoka mwaka wa kwanza mpaka mwaka wa sita, mtoto hapaswi kulipishwa minervali wala ile prime ya mwalimu tuliyoizoea.

Kuna mambo mawili ya kuelewa vizuri hapa. La kwanza: kaye, biki, iniforme na chakula vinabaki kazi ya mzazi. La pili: kisha mwaka wa sita, wazazi wanaendelea kulipa. Mtoto akiingia sekondari, anza na mwaka wa saba na wa nane, kisha miaka minne ya humanités mpaka Mtihani wa Serikali. Anayejua hilo mapema anaanza kuweka akiba wakati mtoto angali mwaka wa nne au wa tano. Anayelijua mwezi wa tisa anauza mbuzi kwa haraka na kwa bei mbaya.

Pia tuseme ukweli. Tangu 2019 kalasi zimejaa, na kuna walimu ambao Serikali haijaanza kuwalipa. Mwalimu asiye na mshahara naye ana watoto. Wazazi wakikusanyika katika mkutano mkuu na kuamua kwa hiari kumusaidia, kwa mfano kumulimia shamba siku moja, hilo ni jambo la wazazi wakubwa. Lakini tusipeleke wanafunzi kulima huko saa ya masomo. Na mtoto hapaswi kutolewa kalasini juu ya pesa ambayo mzazi wake hakutoa. Hiari ikigeuka kuwa sharti, haiitwi tena hiari.

Ukiona mambo hayaendi vizuri

Usianze kwa kugombana na mwalimu mbele ya watoto. Fuata njia hii: kwanza ongea na direkta. Uliza pesa hiyo ni ya nini, nani aliamua, na omba resi. Ikiwa hamukuelewana, peleka jambo kwa komite ya wazazi (COPA). Kisha kuna ofisi ya sous-division ya elimu, na juu yake division ya jimbo la elimu. Mkienda wazazi watano na barua moja, mutasikilizwa vizuri kuliko mtu mmoja mwenye hasira.

COPA si ya watu wakubwa tu. Inachaguliwa na wazazi wote katika mkutano mkuu, na wewe unaweza kuchagua au kuchaguliwa. Kuna tena COGES, kamati inayosimamia masomo pamoja na direkta, ambamo wazazi wana wawakilishi. Hao wana haki ya kujua pesa ya kuendesha masomo iliingia kiasi gani na ilifanya nini. Sisi wa koperative tumezoea kuomba hesabu kwa mutunza pesa wetu mwisho wa sezoni. Tufanye vilevile upande wa masomo. Na mama wasibaki nyuma: mara nyingi wao ndio wanaojua mtoto gani hakwenda masomo na kwa sababu gani.

Namna ya kusoma buletini

Buletini inakuja nyumbani, mzazi anatia mukono, mtoto anairudisha. Wengi hatuitazame. Hata kama husomi Kifaransa, unaweza kuelewa mambo manne.

1. Maxima na pointi. Maxima ni pointi zote ambazo mtoto angeweza kupata. Kando yake kuna zile alizopata. Tuseme maxima ni 240 na mtoto amepata 132: amepita nusu, ni 55 kwa mia. Nusu ni 50 kwa mia, chini ya hapo ameanguka. Fanya hesabu kama ya gunia: ulitegemea gunia 10, ukavuna 5, hiyo ni nusu.

2. Masomo yenye maxima kubwa. Hayo ndiyo yenye uzito. Mara nyingi ni Kifaransa na hesabu. Mtoto akiwa na pointi nzuri kwa kuimba na mbaya kwa hesabu, usifurahi haraka.

3. Nafasi. Ukiona 12/58, maana yake yeye ni wa kumi na mbili kati ya wanafunzi 58. Lakini tazama kwanza asilimia. Kalasi nzima ikiwa zaifu, hata aliye wa tano anaweza kuwa chini ya nusu.

4. Application na conduite. Ya kwanza ni bidii, ya pili ni mwenendo. Pointi zikishuka na bidii pia imeshuka, kaa na mtoto uulize: anaona vizuri ubaoni? Anasikia njaa? Kuna anayemusumbua njiani?

Peleka buletini ya periodi iliyopita na ya sasa mbele ya macho, moja kando ya ingine. Ni hapo utaona kama mtoto anapanda au anashuka, mbele mwaka haujaisha.

Mzazi asiyesoma anasaidia namna gani?

Katika miaka ya kwanza ya primeri, mtoto anapaswa kuanza kusoma kwa luga ya inchi, na huku kwetu Ituri ni Kiswahili. Hilo ni bahati kwetu. Mtoto akisoma kwa sauti jioni, wewe usiyejua herufi utasikia kama maneno yana maana au anabahatisha. Mwambie: «Nieleze ile uliyosoma.» Asiyeelewa atashindwa kueleza, na utajua kesho yake kumuuliza mwalimu.

Halafu Kifaransa kinaingia na kuchukua nafasi, na mtihani wa mwisho wa primeri, ENAFEP, unafanywa kwa Kifaransa. Kama nyumbani hakuna anayekijua, tafuta kijana wa sekondari wa jirani, aketi na watoto wanne au watano mara mbili kwa juma. Memba wa koperative wanaweza kupanga hilo kwa zamu katika hangari ya kuwekea mavuno.

Hesabu iko shambani. Mtoto apime debe, ahesabu kilo za maharagi, atafute faida ya soko. Hiyo ni devwari nzuri.

Shamba na kalenda ya masomo

Hapa ndipo tunapoteza watoto bila kutaka. Masomo yanafunguliwa mwezi wa tisa, wakati sezoni B inadai kukata majani. Mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa sita na wa saba, ndio mitihani, na ndio mavuno ya sezoni A. Mtoto anayekosa siku moja ya soko kila juma, kwa mwaka amekosa karibu majuma sita ya masomo. Hakuna mwalimu anayeweza kuyarudisha. Na mara nyingi anayeachwa nyumbani ni mtoto musichana, juu ya kulea mdogo wake.

Tunashauri mambo matatu. Pangeni kazi za salongo ili mavuno ya familia yenye mtoto wa mwaka wa sita yafanywe na kundi, si na mtoto. Kazi ya watoto iwe kisha masomo au siku ya mapumziko, na iwe ndogo kufuatana na miaka yao. Na kila mmoja aweke kando sehemu ya mavuno ya sezoni A mwezi wa saba, mbele ya kulipa madeni mengine: tuite «gunia la kaye». Koperative inaweza kuliweka na kuliuza mwezi wa nane, wakati bei imepanda kidogo.

Kwa waliohama

Familia nyingi za Djugu na Irumu zimekimbia vita na kuishi katika kambi au kwa ndugu zao karibu na Bunia. Mtoto aliyehama anabaki na haki yake ya masomo. Weka buletini zake na karatasi ya kuzaliwa katika mfuko wa plastiki, pamoja na vitu vya kwanza kuchukua siku ya kukimbia. Kama zimepotea, mwone direkta wa masomo yaliyo karibu, mtoto apimwe na kuwekwa kalasi inayomufaa. Asikae mwaka mzima akingojea karatasi. Na sisi tuliobaki nyumbani, tusiseme kwamba watoto wa wageni wanajaza kalasi. Jana ilikuwa wao, kesho inaweza kuwa sisi.

Kwa mkutano ujao

Tunaomba kila koperative iweke saa moja kwa maulizo haya: watoto wangapi wa memba hawako masomoni, na sababu ni nini? Nani kati yetu yuko katika COPA? Nani atasaidia watoto kusoma jioni? «Gunia la kaye» litaanza lini? Andikeni majibu katika daftari la koperative na muyaonyeshe animateri wetu akipita. Tutatoa mashauri ya vikundi vilivyoanza katika namba zinazokuja.