Usinunue mikisa kwa kuhesabu chaneli

Ukiingia duka la vyombo vya muziki, liwe la Kariakoo au la Luthuli Avenue, kutafuta mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), muuzaji atakuuliza kwanza: "Bosi, unataka ya chaneli ngapi?" Swali hilo linamfaa yeye kuliko wewe, maana namba iliyoandikwa kwenye boksi inahesabu matundu ya kuingiza sauti, haihesabu maiki. Yamaha MG12XU inaitwa ya chaneli 12, lakini inapokea maiki sita tu. Nafasi nyingine zimepangwa mbilimbili kwa ajili ya kinanda, simu au kompyuta. Dada yake mdogo, MG10XU, inapokea maiki nne, na MG16XU inapokea kumi. Kwaya yenye maiki nane ikinunua "ya 12" itarudi nyumbani na maiki mbili zisizo na pa kuchomekwa.

Hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa zaidi iko upande wa kutoka, ambako wanunuzi wengi hawatazami kabisa.

Fuata sauti ya mwimbaji mmoja. Inaingia ikiwa dhaifu sana, milivolti chache tu, na kitufe cha kwanza juu kabisa, geini, ndicho kinachoikuza ifike kiwango cha kufanyiwa kazi. Hapa ndipo ubora wa mashine unapoonekana: geini mbovu inaleta mvumo ambao hakuna kitufe cha chini kitakachouondoa. Kisha inapita kwenye swichi ya kukata mngurumo wa chini, halafu EQ ya kupunguza au kuongeza besi, kati na treble, ndipo ifike kwenye feda, yaani kile kitufe cha kusukuma juu na chini. Kutoka hapo inagawanywa kushoto na kulia, inakwenda kwenye spika za hadhira.

Katikati ya safari hiyo kuna michepuko inayoandikwa AUX. Kila AUX ni nakala ya sauti inayopelekwa kwingine: kwenye monita iliyo mbele ya waimbaji, kwenye mwangwi, au kwenye kinasa. Jambo la kuamua ni nakala hiyo inachukuliwa wapi. Ikichukuliwa kabla ya feda (PRE), unaweza kushusha sauti ya hadhira na mwimbaji akaendelea kujisikia vilevile. Ikichukuliwa baada ya feda (POST), kila ukigusa feda na monita inabadilika. Mwangwi unataka POST, ili mwimbaji akishushwa mwangwi wake usibaki ukielea peke yake. Monita inataka PRE. Fundi aliyepewa mashine yenye POST pekee atapandisha sauti ya mhubiri kwa ajili ya waumini wa nyuma, monita ipande nayo, na mluzi wa fidibaki uanze. Watu watamlaumu fundi.

Sasa tuje kwenye pesa. Katika maduka ya Marekani, MG10XU imekuwa ikiuzwa miaka ya karibuni kati ya dola 200 na 300, MG12XU kati ya 300 na 400 na kitu, MG16XU kati ya 500 na 700. Kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. MG10XU ina mchepuko mmoja tu, nao ndio huohuo unaolisha efekti za ndani, na haina feda, ni vitufe vya kuzungusha. Kwa mwalimu wa madrasa, mshereheshaji wa vikao vidogo au mtu anayerekodi chumbani, inatosha na kubaki. Kwa bendi haitoshi. MG12XU ina miwili: wa kwanza una swichi ya PRE kwenye kila chaneli, wa pili ni wa efekti. Yaani monita moja na mwangwi, na hapo ndipo kazi ya jukwaani inapoanza. MG16XU inafika minne.

Allen & Heath ZED-14 hukaa karibu na bei ya MG16XU. Inapokea maiki sita tu na haina efekti za ndani, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana kama wizi. Lakini nayo ina michepuko minne, feda ndefu za milimita 100, na EQ ambayo kwenye chaneli za maiki inakuruhusu kuchagua masafa ya kati unayotaka kuyakata. Kwa kikundi cha taarab chenye waimbaji wachache na wapigaji wanaotaka monita mbili tofauti, mimi ningeichukua hiyo na kuiacha ile ya maiki kumi. Kwa kwaya kubwa ya kanisa, MG16XU.

Kuna wanaosema mashine za analogi kama hizi zimepitwa na wakati. Behringer XR18, ya dijitali, inauzwa kwa pesa za MG16XU au zaidi kidogo, nayo inatoa maiki 16 na michepuko sita. Kwa hesabu tupu hakuna ubishi. Ila haina feda wala vitufe vya kuchanganyia vya kushika: kila kitu kiko kwenye tableti au kompyuta, kwa kawaida kupitia Wi-Fi, kwa hiyo jumlisha bei ya tableti na ya ruta ya nje. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, analogi inaamka palepale ulipoiacha, wakati ile nyingine lazima isubiriwe. Na kama mafundi wenu ni vijana wa kujitolea wanaopokezana kila wiki, vitufe vinavyoonekana vyote kwa pamoja vinafundishika upesi zaidi.

Jihadhari pia na mashine za bei ya kutupa zinazobeba majina makubwa na kujisifu kwa efekti 99. Bandia zipo. Nenda na maiki, hedifoni na mita ya kupima volti. Washa +48V (umeme wa kulisha maiki za kondensa), pima kati ya pini ya 1 na ya 2 ya tundu la maiki ambalo halijachomekwa kitu: isomeke karibu na volti 48. Kisha zima +48V, chomeka maiki, unganisha tundu la AUX SEND kwenye spika yenye amplifaya yake, fungua AUX ya chaneli, ongea huku ukishusha feda mpaka chini. Sauti ikiendelea kutoka, una PRE ya kweli. Ikikatika na hakuna swichi ya kubadilisha, hiyo si mashine ya monita, hata iwe na matundu ishirini. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, nenda duka la pili.