Goma: Kamera kubwa ya filamu kwa picha za milima, mwenye mfuko mdogo anunue ipi?

Katika mji ambako simu ya dola 100 inapiga foto ya Nyiragongo na kuituma WhatsApp kabla moshi haujabadili upande, kununua sanduku la mbao lenye mvukuto na kitambaa cheusi kunaweza kuonekana kama mchezo wa watu wenye pesa ya kutupa. Kamera hiyo hupiga picha moja kwa kila karatasi ya filamu, inasimama juu ya miguu mitatu, na mwenye kuitumia huona mlima ukiwa kichwa chini kwenye kioo cha ukungu. Hata hivyo, kwa mpiga picha wa Kivu Kaskazini anayetaka kuacha kumbukumbu ya ardhi hii kwenye karatasi kubwa, si wazo la kuchekwa.

Ardhi ya huku imekwisha kuandikwa kwa kamera kubwa, ila karibu kila mara na wageni. Mwaka 1906 Muitalia Vittorio Sella alipanda Ruwenzori pamoja na msafara wa Duke wa Abruzzi, akapiga vilele na barafu yake kwa sahani za vioo. Picha zake zimehifadhiwa Biella, Italia, na leo zinasaidia kuonyesha barafu hiyo ilivyopungua. Miaka miwili baadaye msafara wa Kijerumani wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulirudi Ulaya na picha za volkano za Virunga. Karibu na wakati wetu, Richard Mosse wa Ireland alipiga milima ya Kivu kwa filamu ya Kodak Aerochrome, iliyobuniwa kwa ajili ya kazi za kijeshi, ambayo hugeuza majani mabichi kuwa ya waridi. Kazi yake The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013. Kwa hiyo mtoto wa Goma anayetaka kuona sura ya zamani ya nchi yake analazimika kutazama kupitia jicho la mtu wa mbali.

Na sura yenyewe haikai. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Leo juu ya mabwe yake kuna nyumba, maduka na barabara. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 uliacha mkondo mwingine kaskazini mwa mji. Kila mlipuko unafuta mandhari, na watu wanajenga haraka juu ya mapya.

Kamera zinazozungumzwa hapa ni zile za filamu ya inchi 4 kwa 5, yenye eneo karibu mara 15 ya filamu ya kawaida ya milimita 35. Kuna zile za inchi 8 kwa 10 pia, lakini filamu yake, lenzi zake na uzito wake haviendi na neno nafuu. Anayeanza aziache.

Faida ya kamera hii si ukubwa wa filamu peke yake. Mbele yake, palipo lenzi, panaweza kuinamishwa, kupandishwa au kusogezwa kando. Mtu akisimama kwenye uwanja wa lava na kuinamisha lenzi mbele kidogo, bwe lililo karibu na mguu wake na kilele cha Nyiragongo chenye mita 3,470 vyote vinatoka wazi, bila kubana sana tundu la lenzi. Simu hufanya kitu cha kufanana kwa hesabu za programu. Hapa ni lenzi yenyewe inayofanya.

Sokoni kuna njia tatu. Ya kwanza ni kamera za reli moja, zilizotengenezwa kwa ajili ya studio: Cambo, Calumet, Toyo, Sinar. Zilizotumika hupatikana Ulaya na Marekani kwa dola 150 hadi 300, na zinainama kila upande. Ubaya wake ni kilo tatu hadi tano bila lenzi, na umbo lisilokubali kuingia kwenye mfuko. Mwenye gari, anayepiga kando ya barabara ya Sake, hatapata kitu bora kwa bei hiyo. Anayetembea kwa miguu ataichukia kabla ya kufika.

Ya pili ni kamera za zamani za waandishi wa habari wa Marekani, Speed Graphic na Crown Graphic, zilizotoka kiwandani hadi mwaka 1973. Zinafunga kama sanduku na kuvumilia safari. Crown ndiyo nyepesi zaidi. Mara nyingi huuzwa pamoja na lenzi kwa dola 300 hadi 500, na hilo linapunguza mahangaiko. Lakini wauzaji husahau kusema kwamba lenzi yake inainama kwa nyuma tu, wakati mpiga picha wa mandhari anataka kuinamisha kwa mbele. Kuna ujanja wa kushusha ubao wa mbele, ila unachosha.

Ya tatu ni Intrepid, inayotengenezwa Brighton, Uingereza, tangu mwaka 2014. Ni ya mbao nyembamba na aluminiamu, ina uzito wa kama kilo 1.2, na mpya hupatikana chini ya dola 600 bila lenzi. Inatikisika upepo wa ziwa ukivuma. Hata hivyo, kwa mtu wa Goma anayepanda moto na kumalizia kwa miguu, ndiyo yenye kufaa kuliko zote, pesa zikiruhusu.

Lenzi isifanyiwe ubahili. Ya milimita 150 kutoka Schneider, Rodenstock, Nikon au Fujinon inatosha kwa mwaka mzima wa kwanza. Kabla ya kulipa, muuzaji aombwe video ya shata ikifanya kazi kwenye sekunde moja nzima. Shata iliyochoka huanza kukwama hapo. Aombwe pia aingize tochi ndani ya mvukuto katika chumba chenye giza. Kitundu kidogo kama ncha ya sindano kinaharibu kila filamu, na mnunuzi aliye mbali hawezi kurudisha mzigo.

Lakini kinachomaliza mfuko si kamera, ni filamu. Karatasi moja ya Fomapan, filamu nyeusi na nyeupe kutoka Jamhuri ya Czech, inafika dola moja na nusu hivi. Ya Ilford inazidi hapo. Ya rangi ya Kodak inaweza kupita dola tano. Mtu anayepiga karatasi kumi kwa mwezi anaweza kuvumilia ile ya kwanza. Ya rangi si ya kujifunzia.

Ndiyo maana wengi duniani hutumia filamu ya hospitali, ile ya radiografia, wakiikata vipande chini ya taa nyekundu. Ni nafuu sana, ila inakwaruzika haraka, na haioni rangi nyekundu. Kwa Goma hilo ni jambo kubwa: mwanga mwekundu wa Nyiragongo usiku utatoka hafifu sana au usionekane kabisa. Anga la buluu nalo hutoka jeupe, na ukungu wa kiangazi, kuanzia Juni, unaongezeka hadi mlima wa mbali kupotea. Inafaa kujifunzia mkono. Kwa picha yenyewe, filamu ya kawaida yenye kichujio cha rangi ya machungwa, asubuhi baada ya mvua, ndiyo inayoutoa mlima.

Kuosha filamu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Dawa nyingi zinataka nyuzi 20, na hewa ya Goma haiko mbali na hapo. Maji ya ziwa yana chumvichumvi, hivyo suuza ya mwisho ifanywe kwa maji safi ya chupa. Vumbi jeusi la volkano ni adui mbaya zaidi: kila chembe inayotua juu ya filamu kabla ya kupiga inakuwa doa jeusi kwenye picha.

Tangu mapigano ya Januari 2025 yafunge uwanja wa ndege wa Goma kwa safari za kawaida, mzigo wa namna hii hupitia Kigali au Kampala na kuvuka mpaka kwa barabara. Karatasi ya bei iwe mkononi. Juu ya boksi la filamu paandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa na Kiswahili, kwamba lisifunguliwe. Mkaguzi akilifungua mara moja tu kwenye mwanga, karatasi zote 50 zimekufa. Mashine mpya za ukaguzi kwenye viwanja vya ndege nazo zinaharibu filamu, hivyo msafiri aombe ikaguliwe kwa mkono.

Mahali pa kupigia ni hesabu nyingine. Kupiga picha bila ruhusa, hasa karibu na askari, mpaka, daraja au bandari, kunaweza kumfikisha mtu korokoroni, na sanduku juu ya miguu mitatu linaonekana kutoka mbali kuliko simu. Wengi watadhani ni chombo cha kupimia viwanja, jambo linaloamsha hasira upesi katika mji wenye kesi nyingi za ardhi. Ni vizuri kumwona kwanza chifu wa mtaa, na kumwacha atazame mwenyewe kwenye kioo. Tena mtu asiende peke yake: mwenye kichwa ndani ya kitambaa cheusi haoni anayekuja nyuma yake, na kupanga picha moja kunaweza kuchukua dakika kumi na tano.