Koga katika Viti vya Mashua

Kyela, katika mkoa wa Mbeya, ni nchi ya joto na mvua nyingi, kando ya Ziwa Nyasa. Mashua ya injini ikifunikwa turubai siku nyingi wakati wa masika, viti vyake vya ngozi ya plastiki huota madoa meusi. Hayo ni koga. Koga si uchafu tu; ni kiumbe hai, jamaa ya uyoga. Mbegu zake, ndogo mno, huchukuliwa na upepo, nazo humea palipo na unyevu. Chakula chake ni jasho na mafuta ya watu walioketi.

Basi, toa viti nje, ujifunge kitambaa puani, maana vumbi la koga hudhuru kifua. Sugua kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini. Doa likikaidi, paka siki, ngoja kitambo, kisha suuza. Wako wapendao kutia dawa ya kung'arisha nguo. Hiyo hudhoofisha nyuzi za mshono. Tena ikichanganywa na siki hutoa klorini, hewa ya sumu iwezayo kuua mtu. Usizichanganye kamwe! Mwisho, inamisha kiti maji yatoke mishononi, ukianike hata sponji ya ndani ikauke. Ikibaki na maji, koga litarudi upesi.